Kweli au Si Kweli: Kumpeleka Mgeni wa Mafia Kula Hoteli Kubwa za Dar

Watu wa Mafia hawaachi kuvuka kwenda Dar es Salaam. Kuna mgonjwa wa kusindikizwa Muhimbili, kuna harusi ya mpwa, kuna kijana anayevaa joho la kuhitimu pale Mlimani. Wenye nafasi hupanda ndege ndogo Kilindoni na kushuka baada ya nusu saa hivi. Walio wengi hupanda chombo hadi Nyamisati, kisha basi mpaka Mbagala Rangi Tatu. Na karibu kila safari ina siku yake moja ambayo mtoto aliyejaaliwa kazi nzuri mjini humwambia mama, babu au shangazi: "Leo hatupiki. Leo nawatoa." Gari linaelekea Masaki, Oysterbay au katikati ya jiji, kwenye vitambaa vyeupe na glasi zenye miguu.

Kisha mama anakaa mbele ya sahani nzuri, anakisogeza chakula huku na huko kwa uma, anasema ameshiba. Kijana analipia sahani iliyorudi jikoni nzima. Mama anarudi na njaa, na usiku kila mmoja anajilaumu kivyake. Inauma, maana pale mezani kulikuwa na mapenzi tu. Kinachowaangusha ni mambo tunayoyaamini kuhusu hoteli kubwa na kuhusu watu wanaochagua chakula. Nimeyakusanya yale ninayoyasikia mara kwa mara, niseme lipi ni la kweli na lipi si la kweli.

"Hoteli ikiwa ghali, kila mtu atapata cha kumridhisha."

Si kweli. Bei ya hoteli kubwa inalipia mengi: kiwanja cha Masaki, jenereta, viyoyozi, wahudumu waliosomea kazi yao, siagi na jibini zilizovuka bahari. Ladha imo, lakini imepangwa kwa ajili ya mteja mwingine, yaani mtalii, mtu wa safari za kikazi, familia ya ubalozi. Mpishi wa hoteli hizo anajivunia kubuni. Mchagua chakula anataka kitu anachokijua, kilichopikwa kama alivyozoea, kisichochanganywa na kingine. Mpe wali uliotiwa zafarani na changu aliyelazwa juu ya viazi vilivyopondwa kwa siagi, na hata kama kila kimoja ni kizuri, kwake vimeshaharibiana.

Kabla ya kutafuta hoteli, jiulize: huyu mtu nyumbani anakula nini siku ambayo hana mgeni? Taja vyakula vitano hivi. Wali mweupe, samaki wa kukaanga, kuku wa kuchoma, chapati, mchicha. Halafu vitafute vyakula hivyo kwenye menyu, ambayo nyingi ya hoteli hizi huiweka mtandaoni. Ukivikuta vitatu, mahali hapo panafaa. Ukikuta kimoja, hata kama rafiki zako wote wanapasifu, huko nenda na rafiki zako.

"Mtu wa Mafia mpeleke kwenye samaki, hukosei."

Hii ndiyo inayoponza watu kuliko zote, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Aliyekulia Kilindoni, Bweni au Jibondo anamjua samaki kwa jina, kwa msimu na kwa pishi lake. Anajua kwamba tasi ana raha yake, kolekole ana yake, nguru anataka kupakwa na chewa anataka mchuzi. Zaidi ya hapo, amezoea kumla samaki aliyetoka majini asubuhi ile ile. Ndiyo maana mtu wa Mafia ni mgumu wa samaki kuliko mtu wa Dodoma. Asiyezoea samaki atakula kilicholetwa na kuisifu sosi. Mama wa Jibondo atainusa shombo kabla mhudumu hajaweka sahani mezani.

Na shombo haidanganyi. Nyama ya samaki wa baharini ina kemikali inayomwezesha kuishi kwenye maji ya chumvi. Samaki akishakufa, bakteria huigeuza kemikali hiyo kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo harufu tunayoinusa. Kadiri samaki anavyochelewa, ndivyo inavyozidi. Ndimu huipunguza kwa sababu asidi yake huinasa harufu isiruke hewani. Bibi zetu waliosugua samaki kwa ndimu na chumvi walikuwa wakifanya kazi ya kemia kwa usahihi kabisa. Kwa hiyo mzee akiomba ndimu tatu zaidi hotelini, mpeni. Hana nia ya kumfundisha mpishi kazi.

Jambo la pili ni samaki yupi. Menyu nyingi huandika "minofu ya samaki" bila kumtaja jina, na mara nyingi huyo ni sangara wa Ziwa Viktoria, aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na ambaye leo ndiye mhimili wa viwanda vya minofu vya Mwanza. Ni samaki mwenye heshima yake Kanda ya Ziwa. Lakini ulimi uliolelewa na bahari unamjua mara moja kuwa ni wa maji baridi, na mgeni wako ataduwaa: amevuka bahari yote ile kuja kula samaki wa ziwani? Muulize mhudumu jina la samaki. Mhudumu asiyejua aende akaulize jikoni. Jiko lisilojua linauza samaki asiye na asili, na hapo agizeni kuku.

La tatu, kichwa. Wazee wetu wengi hawamwamini samaki aliyekuja bila kichwa, na wana sababu: jicho na shavu ndivyo vinavyosema samaki kalala siku ngapi. Na kichwa chenyewe ni kitoweo cha heshima. Hoteli nyingi kubwa hukiondoa ili mgeni wa nje asishtuke. Omba samaki aje mzima. Kwa sehemu zenye jiko la mkaa hilo si tatizo hata kidogo.

La nne ni jodari. Hoteli za juu hupenda kumleta akiwa mwekundu katikati, ameguswa tu na moto. Kwa wageni wengine huo ndio utamu. Kwa mzee wa Mafia huyo ni samaki mbichi. Sema mapema, "aive kabisa." Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mgeni akisema jodari, au samaki mwingine wa jamii yake, anamwasha ulimi, msimwambie anachagua. Samaki hao wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Huwasha mdomo, huleta wekundu usoni, maumivu ya kichwa na kuharisha. Ulimi wa mchaguzi umeokoa meza nzima. Acheni sahani hiyo.

Barafu, kwa upande mwingine, inasingiziwa. Kwa samaki, ndiyo, aliyegandishwa vibaya hutoa maji na nyama hulegea. Kwa pweza ni kinyume. Wavuvi wetu humpiga pweza kwenye mwamba ili alainike, na kugandisha hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa barafu hupasua nyuzi za nyama. Pweza aliyetoka kwenye friji ya hoteli anaweza kuwa laini kuliko wa jana aliyepikwa haraka nyumbani. Tena inawezekana kabisa alitoka Mafia, maana pweza na kamba kochi wa visiwa vyetu huuzwa sana nje ya kisiwa.

Kuna pia suala la shemeji. Familia za pwani zimeoana na watu wa madhehebu mbalimbali. Sisi Mashafii wa Mafia tunakula viumbe vya baharini kwa upana. Ndugu zetu Waislamu wa Ithnaasheri wanakula samaki wenye magamba, na kamba, basi. Pweza, ngisi, kaa, papa na kamba kochi hawali. Ukiagiza sinia kubwa la vyakula vya baharini kwa ajili ya meza nzima, umemwachia shemeji wali. Jua hayo kabla ya kutoka nyumbani.

"Anayechagua chakula anadeka. Njaa itamfundisha."

Si kweli, na ningependa kauli hii isisemwe tena mezani, hasa mbele ya watoto.

Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwafuatilia mapacha waliozaliwa mwaka 2007, tangu wakiwa na miezi 16 hadi miaka 13. Waliwalinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana. Walikuta kwamba wakiwa na miezi 16, tofauti ya uchaguzi wa chakula kati ya mtoto na mtoto ilielezwa na urithi kwa asilimia 60, na kuanzia miaka mitatu kuendelea ikawa asilimia 74 na zaidi. Kilele cha uchaguzi kilikuwa karibu na miaka saba. Malezi yana nafasi yake, hasa utotoni. Lakini mama anayelaumiwa na mawifi kwa "kumharibu mtoto" amebebeshwa mzigo usio wake.

Chukua kotmiri. Wapo watu ambao kotmiri mbichi kwao hunuka sabuni. Mwaka 2012 utafiti uliohusisha maelfu ya watu uliihusisha hali hiyo na eneo la vinasaba lenye kipokezi cha harufu kiitwacho OR6A2. Mtu huyo hajifanyi. Anachokinusa ni tofauti na unachokinusa wewe. Vivyo hivyo na uchungu: mwaka 2003 wanasayansi walitambua kinasaba kinachowafanya baadhi ya watu wahisi uchungu mkali kwenye kemikali fulani ambazo wengine hawazihisi kabisa. Na wako wanaoshindwa na mguso peke yake. Bamia na mlenda vikivutika, basi. Hakuna hoja ya kuwashawishi, kwa kuwa hakuna hoja waliyoitumia kukataa.

Kuna uchaguzi unaozidi mpaka. Mtu anapungua uzito, mtoto hakui, au chakula kinamtia hofu kiasi cha kukimbia mikusanyiko. Tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wana utambuzi wake rasmi. Huyo anahitaji hospitali, na kumpeleka kwenye hoteli ya kifahari kwa lengo la kumbadilisha ni kumwongezea mateso.

Kwa mtoto wa kawaida, tafiti zinaonyesha kwamba chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hakijakubaliwa. Mara zote hizo haziwezi kutokea kwenye chakula kimoja cha mchana Oysterbay. Mwagizieni wali na kuku. Wekeni kipande kimoja cha kitu kipya pembeni ya sahani. Kisha ongeeni habari nyingine.

"Hoteli kubwa huwezi kuwaomba kitu kisichoandikwa kwenye menyu."

Si kweli. Mahali pa kuomba ni hapo hapo. Mama lishe ana sufuria zake tatu zimeshaiva na watu wamepanga foleni. Ukimwomba mchuzi usio na kitunguu umemwonea. Hoteli kubwa ina wapishi kadhaa, friji zenye vitu vingi na mpishi mkuu aliyefundishwa kumhudumia mgeni asiyekula hiki au kile. Ile bei unayoilipa, hii ndiyo sehemu yake yenye maana zaidi kwako.

Ila omba kwa kujua jiko linavyokwenda. Sosi na supu hupikwa asubuhi, hivyo kuondoa kitunguu kwenye mchuzi uliokwisha kupikwa haiwezekani. Nyama ya mishikaki hulowekwa tangu jana. Biriani ni mchanganyiko tangu mwanzo. Kinachowezekana ni chakula kinachopikwa baada ya kuagizwa: samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu tu, kuku wa kukaangwa bila sosi, wali mweupe, mayai, mboga za kuchemsha, sosi kuja kwenye bakuli lake pembeni. Simu ipigwe siku moja kabla, au siku hiyo kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, wakati jiko limepumua baina ya chakula cha mchana na cha jioni. Saa mbili usiku hakuna mpishi mwenye masikio.

Na kuna siri ambayo wateja wengi hawaifikirii. Katika hoteli kubwa kuna chakula cha wafanyakazi. Nyuma ya mlango ule unaobembea, wahudumu na wapishi wanakula ugali, wali, maharage, mchicha, samaki wa mchuzi. Wengi wao ni watu wa pwani au wameoa na kuolewa pwani, nao wanajua kukuna nazi. Kama mama hawezi kabisa kula vya menyu, mwite mhudumu taratibu, umsalimie vizuri, umuulize kama jiko linaweza kumpatia mama yako sahani ya chakula cha kawaida. Jibu linaweza kuwa hapana, nalo ni jibu. Mara nyingi linakuja na tabasamu, kwa kuwa kila mmoja pale ana mama.

"Menyu ndefu ndiyo salama, hamkosi kitu."

Si kweli. Menyu yenye kurasa kumi na mbili, ambayo ina piza, sushi, biriani, tambi za Kichina na nyama choma, inaishi kwenye friji la barafu. Hakuna jiko linaloweza kuwa na malighafi mbichi za vyote hivyo siku ya Jumanne. Isitoshe, mchaguzi akikutana na majina sabini asiyoyajua anachoka kabla ya kula. Menyu ya ukurasa mmoja, yenye jiko la kuchomea linaloonekana, inampa nafasi ya kuona samaki wake akiwekwa motoni, na hilo linamtuliza.

Bafe ni habari nyingine. Kwa familia ya vizazi vitatu, bafe ya hoteli kubwa ni chaguo zuri kuliko watu wengi wanavyodhani: mzee anakiona chakula kabla ya kukichagua, anachukua kijiko kimoja, anarudi akipenda, na hakuna anayemhesabia. Tahadhari iwe kwa mwenye mzio. Kijiko cha sahani ya kamba huishia kwenye wali, na kwa mtu mwenye mzio wa kamba hiyo ni hatari ya kweli.

Kama mgeni wako yuko mjini mwezi wa Ramadhani, basi umepata. Hoteli kubwa za Dar huandaa futari ya bafe, na usiku huo vile vitambaa vyeupe hubeba mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, tende na uji. Sijui wakati mwingine wa mwaka ambapo jiko la kifahari linakuja lenyewe kwenye ulimi wa mtu wa Mafia. Bibi aliyezoea kusema "huko mie sili" atakula, atalinganisha tui na la kwake, na atakuwa na neno la kusema kwa mpishi. Wekeni nafasi mapema, meza huisha.

"Dar halali si jambo la kuulizia."

Kwa nyama ya ng'ombe, mbuzi na kuku, wasiwasi ni mdogo, kwa kuwa uchinjaji nchini kwa desturi hufanywa na Waislamu. Lakini hoteli za kimataifa hupika na kitimoto pia, na swali la kuuliza ni kama kinachomwa kwenye jiko moja na vitu vingine na kugeuzwa kwa koleo lile lile. Swali la pili ni mvinyo, ambao huingia kwenye sosi za nyama na za samaki bila kutajwa kwenye menyu. Ukiuliza kwa simu kabla ya siku, mzee hatalazimika kuuliza mwenyewe mbele ya watu. Pombe kuuzwa mahali pale ni jambo la familia kuamua. Wapo wazee ambao hawataketi karibu na kaunta ya baa, na hilo pia linaulizwa kwenye simu ile ile.

"Huko wanalipa kwa dola."

Si kweli. Kanuni zilizotangazwa Machi 28, 2025 zimepiga marufuku kutangaza au kudai bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Menyu iwe kwa shilingi, bili iwe kwa shilingi, na udai risiti.

"Watoe usiku, mezani pa baharini, ndipo watakapofurahi."

Si kweli, na nasema hivi kwa kuwahurumia wazee. Usiku taa za hoteli nzuri hufifishwa makusudi. Mchagua chakula anahitaji kuona anachokula, na mzee anayekula samaki mwenye miba anahitaji mwanga hata zaidi. Muziki ukiwa juu, hasikii, hivyo anaitikia tu. Mchana saa saba kuna mwanga, jiko halijachoka, na bei za mchana mara nyingi ni nafuu. Mchukulie mtandio au kanga ya pili, maana kiyoyozi cha ukumbi huwatesa wasiokizoea. Uliza kuhusu ngazi. Uliza choo kiko wapi.

Kuhusu bahari: mtu aliyetazama Ghuba ya Chole maisha yake yote hana haja kubwa ya kulipia kuitazama ya Msasani. Ni sisi wa mjini tunaoona Slipway na Sea Cliff kuwa ndiyo zawadi. Kizazi cha wazazi wetu kilikua kikiisikia Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 pale mbele ya bandari na ambayo leo inaitwa Hyatt Regency, kama mahali pa wakubwa wa nchi. Ukimpandisha mzee ghorofani katikati ya jiji, akauona mji wote chini yake, meli zikiingia lango la bandari, na akaletewa chai ya maziwa na sambusa, hiyo anaweza kuisimulia Kilindoni mwaka mzima. Hakuna sheria kwamba kutoka lazima kuwe ni mlo kamili.

"Kula kwa mkono kwenye hoteli kubwa ni aibu."

Si kweli kabisa. Omba maji ya kunawa, yataletwa. Samaki mwenye miba analiwa salama zaidi kwa vidole, na mhudumu aliyefundishwa anajua hivyo.

Zaidi ya hapo, iko migahawa ya hadhi ambayo mkono ndio utaratibu wake. Addis in Dar, mgahawa wa Kihabeshi uliojulikana mjini kwa miaka mingi, ni mfano ninaoupenda. Vijana husita kuwapeleka wazazi kwenye chakula cha Kihabeshi kwa kudhani ni kigeni mno. Lakini tazama kinachotokea mezani. Sinia moja, watu wanaizunguka, mkono wa kulia, mkate laini wenye vitundu unaomegwa kuchotea mchuzi. Mtu aliyelelewa kwa mkate wa kumimina anajua la kufanya bila kuelekezwa. Tatizo liko kwenye uchachu: injera huchachushwa kwa siku kadhaa, na wapo ambao hawataivumilia. Basi ombeni na wali pembeni, na pilipili ipunguzwe. Kwa wazee fulani mahali hapo patakuwa pa raha kuliko hoteli yoyote yenye visu vitatu mezani. Wengine wataonja mara moja na kuacha. Ikitokea hivyo, wali upo.

"Hoteli za Utende ni za wageni wa nje, wenyeji hawana cha kula kule."

Hii naisikia Kilindoni kwenyewe, na nusu yake imejengwa na ukimya wetu. Hoteli za Utende ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na njiani kuna geti lenye kiingilio kwa wageni. Majiko yao hayafanani na ya Masaki. Hawana menyu ndefu. Hupika mlo uliopangwa kwa idadi ya wageni waliolala, samaki wakitoka kwa wavuvi wa karibu na vitu vingi vya dukani vikisafirishwa kutoka bara. Ukitokea ghafla saa saba mchana na watu sita, hata wakitaka, hawana cha kuwapa.

Ukitoa taarifa, mambo ni mengine. Mpishi mara nyingi amezaliwa kisiwani au pwani ya jirani. Samaki ni wa asubuhi. Nazi iko nje ya mlango. Yale yote yanayomshinda mama Masaki, yaani minofu isiyo na jina, siagi, harufu ya barafu, hapa hayapo, na kitambaa cheupe kipo, na mhudumu anamwamkia "shikamoo" kabla ya kumpa menyu. Kijana anayerudi nyumbani sikukuu na anayetaka kumtoa mama yake angeanzia hapa, aache nauli ya Dar kwa safari ya hospitali. Piga simu siku moja au mbili kabla. Taja idadi yenu, taja asiyekula nini, uliza gharama kwa kila mtu kwa shilingi, na waambie wamlete kolekole mzima, mkavu wa kuchoma, mchuzi wa nazi uje kwenye bakuli lake.